Kibao cha 50 katika mtaa uliobadilika

Sheria ya usalama barabarani ya Tanzania inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa anapopita penye makazi, na kwa wengi wetu elimu ya mwendo mjini inaishia hapo: ukikiona kibao cha 50 unapunguza, ukikiona cha kuifuta 50 unakanyaga mafuta, na katikati unachungulia kama kuna askari mwenye tochi chini ya mwembe. Tusichoulizana ni nani aliyeamua kwamba mwendo huo unaufaa mtaa huu, na ni lini mtu alirudi kuangalia kama uamuzi wake bado unafaa.

Wahandisi wana njia ya zamani ya kupanga mwendo, iliyoenea zaidi kupitia Marekani. Hupima magari yanayopita pasipo foleni, wakatafuta mwendo ambao magari 85 kati ya kila 100 hayauzidi, kisha kibao kikawekwa karibu na mwendo huo. Hoja yao si ya kipuuzi, kwa kuwa kibao kisichoendana na barabara hudharauliwa, na kwenye barabara kuu ya porini nisingeipinga sana. Mjini, hata hivyo, kipimo hicho ni kura inayopigwa na madereva peke yao. Mwanafunzi anayevuka na mama anayetoka sokoni na beseni kichwani hawahesabiwi. Tena barabara ikipanuliwa magari hukimbia zaidi, kipimo kinachofuata kikakuta mwendo umepanda, na kibao nacho kikapandishwa. Wamarekani wenyewe, katika toleo la Desemba 2023 la mwongozo wao wa alama za barabarani, wamewaambia wahandisi wasikitegemee kipimo hicho bila kuzingatia mambo mengine wanapopanga mwendo wa barabara kubwa za mijini.

Mimi ningeanza na mtoto. Tuchukue dereva makini anayehitaji sekunde 1 tangu amwone mtoto hadi breki zishike, kwenye lami kavu na gari zima. Akiwa kwenye 30, gari litakwenda mita 8 hivi kabla ya breki kushika, na mita 5 nyingine hadi lisimame. Akiwa kwenye 50, mita karibu 14 za mwanzo zinaisha kabla gari halijaanza kupungua hata kidogo. Kwa hiyo mtoto aliyechomoza mita 14 mbele, akitokea nyuma ya daladala iliyosimama kituoni, kwa dereva wa kwanza anaondoka na hofu tu, ilhali wa pili anamgonga kwa 50 kamili. Ndiyo sababu mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka mwendo usizidi 30 mahali ambapo magari na watembea kwa miguu wanachangamana, isipokuwa pawe na ushahidi kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama.

Kupanga ni nusu ya kazi. Wales ilishusha mwendo wa mitaa ya makazi kutoka maili 30 hadi 20 kwa saa Septemba 2023, watu zaidi ya 460,000 wakatia saini kupinga, na mwaka uliofuata serikali ikaziruhusu halmashauri kuchambua barabara zipi zirudishwe 30. Wapo walioona hiyo ni aibu. Kwangu ndiyo sehemu ya kuigwa, kwa sababu uamuzi ulifunguliwa tena na kuangaliwa barabara kwa barabara.

Kwetu mabadiliko hutokea siku moja, siku ya kumwaga lami. Mtaa wa vumbi ulikuwa ukijipangia mwendo wenyewe kwa mashimo na makorongo. Hata bodaboda mwenye haraka alikuwa akienda polepole. Lami ikija, na hakuna anayeikataa, magari yanaanza kukimbia wiki hiyohiyo huku watoto wakivuka palepale walipozoea. Mara nyingi kinachofuata ni mtoto kugongwa, na kinachofuata baada ya hapo ni tuta la wananchi: mawe, kifusi, pengine zege lililokorogwa usiku, jembamba na refu kwenda juu, lisilo na rangi wala kibao. Tuta hilo linapunguza mwendo kweli, lakini gari la wagonjwa linalipanda kwa kuyumba, na mwenye pikipiki asiyelijua analikuta gizani likiwa tayari chini ya tairi.

Nisingewalaumu waliolijenga. Hiyo ni kazi ya upangaji mwendo iliyoachwa na wenye dhamana ikafanywa na waliofiwa. Mradi wa lami ya mtaa wenye shule ungepaswa kuingiza ndani ya zabuni ileile, pamoja na mitaro na makalvati, kibao cha 30 na kivuko kilichoinuliwa kwa vipimo na kupakwa rangi, pamoja na fungu la fedha la kurudi kupima mwendo baada ya mwaka mmoja.