Nilivyoielewa nishati tuli kwa ndoo ya mchanga

Fomula ya nishati tuli, mgh (masi mara mvutano 9.8 mara kimo), nilikuwa nayo kichwani tangu sekondari. Kilichonitatiza mwaka wa kwanza chuoni ni jambo jingine: kwa nini mvutano wa dunia una nishati tuli, na msuguano hauna? Zote mbili ni kani, zote zinafanya kazi (kani mara umbali).

Likizo nikarudi Lamu, nikakuta nyumbani wanaongeza ghorofa. Gari haliingii kwenye vichochoro vyetu, kwa hiyo punda walimwaga mchanga mlangoni. Kutoka hapo ulipanda kwa njia mbili: vijana waliubeba ngazini, au fundi aliuvuta kwa kamba iliyopita kwenye gofia lililofungwa kwenye boriti.

“Ami, ipi ina kazi zaidi?” nikamuuliza fundi.

“Mzigo ni ule ule, mwanangu. Ngazi yakuchosha wewe, haiuchoshi mchanga.”

Nikafungua daftari. Ndoo ya kilo 20, kimo mita 6: 20 × 9.8 × 6, jouli 1,176. Ngazi izunguke itakavyo, hesabu ya mvutano haibadiliki, na ndoo ikirudi chini jumla ya safari nzima ni sifuri. (Kijana akisimama na ndoo begani anatoka jasho, lakini ndoo haipokei hata jouli moja. Hilo ni la misuli yake.)

Halafu gunia la saruji lililoburutwa ukumbini. Tuseme msuguano ni nyutoni 60. Moja kwa moja mita 5, jouli 300. Ukizungukia kiwandani, yaani uani, mita 12, jouli 720. Ukilirudisha hupati kitu, unalipa upya. Sasa ukiniuliza gunia lina nishati kiasi gani likiwa pembeni mwa ukumbi, nitakujibu nini, na jibu linategemea njia lililopita? Kani hifadhi ni ile ambayo kazi yake kwa mzunguko kamili ni sifuri. Hiyo ndiyo inayoweza kuandikiwa nishati tuli, yaani nishati ya mahali. Sishangai kwamba aliyebuni jina la nishati hii mwaka 1853, William Rankine wa Uskoti, alikuwa mhandisi.

Suala la kimo sifuri kiwe wapi halikunisumbua tena. Uanzie kichochoroni au juu, tofauti ni 1,176 tu.

Baada ya hapo maswali nikayafanya hivi: mvutano na springi naziingiza kwenye nishati tuli, kisha msuguano na mikono ya watu naviacha upande wa kazi. Nililijaribu kwa ndoo moja iliyojaa ambayo fundi aliishusha kwa kamba aliyoizungusha kwenye boriti. Ingeachiwa ianguke, ingefika kwa mita 10.8 kwa sekunde. Ikifika kwa mita 3 kwa sekunde, nishati ya mwendo ni jouli 90. Zilizobaki, 1,086, zimekwenda kwenye kamba na boriti kama joto, na ukiishika kamba wakati huo utazijua.