Bado Robo Imebaki

Kadogo alisimama mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi, akasubiri nimalize simu, kisha akauliza: "Mama, kwani tambi za pakiti ni dhambi?"

Hakuwa anatania. Ana miaka tisa, amekulia katikati ya magunia ya ulezi, na maneno yangu kuhusu vyakula vya pakiti anayajua kuliko sala ya jioni. Nikamwambia si dhambi, weka yai, na kile kiungo tia nusu tu. Akanitazama kama mtu aliyemkuta padri kilabuni.

Alipochana kipakiti, harufu ikanifuata hadi sebuleni: kitunguu swaumu, chumvi, na kuku ambaye hajawahi kuwa na manyoya. Mawazo yakanirudisha kwenye benchi moja.

Ilikuwa 2017, nje ya kituo kimoja cha afya hapa Moshi, siku ya kliniki. Nilikuwa na ile meza yangu ya bluu, mifuko ya unga wa uji wa watoto, kilo moja moja, imepangwa kama matofali, Kadogo mgongoni. Biashara ilikuwa inasuasua. Mwaka uliotangulia watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na kina mama walikuwa wameanza kuogopa unga wowote ambao hawakuuona ukisagwa. Kwa hiyo nilikuwa na hotuba. Nikianza, hadi wauza vitumbua walikuwa wananyamaza.

Kila kilo kumi zangu, nilikuwa nasema, ni ulezi kilo nne, mahindi tatu, soya mbili, mchele moja. Ulezi unaoshwa kwenye beseni pana, unazungushwa kwa mkono, unamiminwa kidogo kidogo ili mchanga ubaki chini. Ukimimina haraka mchanga unakwenda nao, na mtoto atausaga kwa ufizi. Mahindi yanachambuliwa punje kwa punje: iliyovunjika, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, yote nje, kwa sababu sumukuvu ikishaingia haiishi kwa kupikwa, hata uchemshe saa nzima. Soya inatumbukizwa kwenye maji ambayo tayari yanachemka, si ya baridi, ikae humo dakika 25 hadi 30, ianikwe, imenywe maganda, ndipo ikaangwe kidogo. Ukiisaga mbichi inazuia tumbo la mtoto kumeng'enya protini ileile unayojisifu kumpa. Ukianzia na maji ya baridi, uji utanuka maharage mabichi na mtoto atautema, kisha utasema mtoto ana deko.

Karanga sikuchanganya na sichanganyi hadi leo. Mafuta ya karanga iliyosagwa hayavumilii joto la Moshi. Wiki mbili tatu tu unga unanuka kama taa ya kibatari. Karanga asage mwenyewe nyumbani, kidogo, atie wakati wa kupika.

Na mashine! Kabla hujasagiwa, tanguliza kilo moja ya mahindi yako ili isafishe njia, uitupe au uwape kuku, maana hujui aliyekutangulia alisaga nini. Mara nyingi ni dagaa na pumba. Unga ukitoka ni wa moto. Ukiufunga hivyohivyo kwenye mfuko unatoa jasho, na kesho kutwa una mabonge yenye ukungu. Utandaze kwanza upoe.

Hayo yote ni kweli. Ndiyo maana siku ile nilijiona nina haki.

Mama Elia alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Jina lake nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule alikuwa tu msichana mwenye kitenge kilichopauka, anayeuza ndizi mbivu stendi, na mtoto wa miezi kumi na minne mapajani. Alitoa kibakuli cha plastiki chenye mfuniko wa kijani. Alipofunua, harufu ileile. Tambi alikuwa amezikatakata fupi kwa ncha ya kijiko, na katikati yake kulikuwa na vipande vya njano, kiini cha yai. Alikuwa anampulizia mtoto kila kijiko, anakigusisha mdomo wake wa juu kupima joto, ndipo anampa. Mtoto alikuwa anakula vizuri. Nakumbuka sana jinsi alivyokuwa anakula vizuri. Mguu mmoja ulikuwa unapiga benchi kwa kila kijiko, tap, tap.

Nikasema. Sikunong'ona. Nikasema ile ndiyo sababu watoto wa siku hizi wamevimba mashavu ndani hamna kitu. Kwamba mtoto wa umri ule hatakiwi kuzidi gramu mbili za chumvi kwa siku nzima na kipakiti kimoja cha kiungo kinapita hapo. Kwamba hicho ni chakula cha wanafunzi wa bweni, si cha mtoto anayenyonya. Benchi zima likageuka. Mama mmoja mwenye mkoba mzuri akaguna "mmh" kwa sauti ya kuniunga mkono, na mimi nikanogewa, nikaendelea.

Yule dada hakujibu. Alitabasamu, lile tabasamu tunalowapa wakubwa tukitaka wamalize. Kisha akarudisha mfuniko. Mtoto akadhani ni mchezo. Akaanza kugonga ule mfuniko wa kijani kwa kiganja, anamtazama mama yake, anagonga tena. Mama akakiweka kibakuli chini ya benchi, nyuma ya miguu yake. Mtoto akainama akikitafuta. Mguu ukaacha kupiga benchi.

Ilikuwa kama dakika mbili hivi. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, "Hapana, mwanangu, mmalizie kwanza." Sikusema. Nilikuwa nafungua mfuko ili anuse unga.

Akanunua. Alihesabu noti za mia tano na sarafu hadi zikatimia 4,000, akasema, "Asante mama, sikujua." Nesi akaita. Elia alikuwa na kilo 8.6. Sikushangaa, nilijua jibu ninalo mezani.

Kliniki ya mwezi uliofuata alikuja moja kwa moja kwangu kabla hata ya kukaa. Alikuwa na furaha. "Shikamoo mama. Naupika kila siku, asubuhi na jioni. Tambi niliacha kabisa." Akafungua chupa ya chai anionyeshe, akamimina kwenye kifuniko chake. Uji ulishuka bila kusita, rangi ya chai ya maziwa iliyozidishiwa maji. Ungeweza kuupitisha kwenye mrija. Halafu akafungua kapu, akatoa mfuko wangu, umekunjwa vizuri na kufungwa mpira.

"Nimeutunza," akasema. "Bado robo imebaki."

Bado robo. Mwezi mzima.

Hesabu niliifanya palepale nikiwa nimeushika ule mfuko, na naifanya hapa tena kwa ambaye hakuwa ameifikiria, maana mimi muuza unga sikuwa nimeifikiria. Gramu 750 kwa siku 30 ni gramu 25 kwa siku. Hizo ni vijiko viwili na nusu vya chakula, kama kalori mia moja. Mtoto aliyetimiza mwaka na anayeendelea kunyonya anahitaji kalori zipatazo 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Uji wa kumfikisha huko ni wa gramu 50 za unga kwa kikombe cha robo lita, vijiko vitano vya chakula, mara tatu kwa siku. Mwiko ukiuinua, uji uanguke kwa kusitasita, usimwagike. Kwa kipimo hicho kilo moja haimalizi wiki. Mwezi ni kilo nne na nusu, shilingi 18,000 kwa bei ya wakati ule, kwa mtu anayeuza ndizi kwa chane.

Sasa pakiti moja ya tambi, ya gramu 70, ni zaidi ya kalori 300, kwa sababu zile tambi hukaangwa kwenye mafuta kiwandani ndipo zikauke. Yai linaongeza kama 70. Chumvi ni nyingi mno, hilo halijabadilika. Lakini nilikuwa nimemnyang'anya mtoto bakuli lenye mafuta na yai, nikampa maji ya moto yenye rangi, na ningeapa mbele ya yeyote kwamba nimemwokoa.

Mchanganyiko niliueleza hadi mchanga wa ulezi. Uzito wa uji, hata neno moja. Nilidhani kila mtu anaujua.

Mizani ikaonyesha 8.5. Kwenye kadi mstari ulikuwa umelala chali. Nesi akauliza kama mtoto aliugua, mama akasema ndiyo, siku nne za homa, akakataa kula. Basi inawezekana ilikuwa homa. Siku nyingine naishikilia sana hiyo homa.

Aliyetutoa pale ni mama mkwe, ambaye hata meza yangu hajawahi kuiheshimu. Nilipomsimulia kule Kibosho alicheka akakaa chini. "Mnauza ulezi mjini na kimea hamkijui?" Kimea ni kilekile cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ulezi unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unafunikwa kwa majani ya mgomba siku mbili tatu hadi uote. Unafunua kila asubuhi kunusa, ukinuka uvundo au ukiona utando wa kijani umwage wote bila huruma. Unaanika ukauke hadi punje ipasuke kwa jino, unafikicha vichipukizi, unasaga. Kisha unapika uji mzito kabisa, mwiko unasimama. Unauepua, unauacha upoe hadi kidole kivumilie, unatia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kikombe, unakoroga. Na hapa nilisimama nikatazama kwa macho yangu: ndani ya dakika chache uji mgumu unalegea, unateleza, mtoto anaumeza kama ule wa maji, lakini unga wote umo. Ukitia kimea uji ungali unachemka hakifanyi kazi, joto linakiua. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena kidogo, maana kimea kimelala siku tatu kwenye unyevu na hujui kimeokota nini. Bado ni mnyweo mmoja, ila sasa una chakula ndani.

Nilimpelekea mama Elia kimea stendi, bure. Na nikamwambia, nikiangalia kwanza kama kuna mteja wangu karibu, kwamba siku ambazo unga umeisha asione haya, arudi kwenye tambi zake: aloweke, amwage yale maji ya kwanza, kiungo asitie au atie chembe tu, yai lote, mchicha uliokatwa laini. Alisikiliza kwa tabasamu lilelile. Nikashindwa kujua kama anapokea au anasubiri nimalize.

Mwezi uliofuata Elia alikuwa na kilo 8.9. Sikuuliza alikula nini. Baada ya hapo waliacha kuja kituo kile, nikasikia wamehamia upande wa Himo.

Tangu hapo nimeandika kwenye mifuko yangu, chini ya jina: Kilo hii ni ya mtoto mmoja kwa siku sita. Baba Kadogo alinionya, na alikuwa sahihi. Meza ya jirani imeandika nafaka kumi na nne, haijaandika siku, na kwa nini mtu anunue cha siku sita wakati pembeni kuna kisicho na mwisho? Nafaka kumi na nne, mjue, hata mbinguni sijui kama zipo.

Juzi dada mmoja aliugeuza mfuko wangu, akausoma, midomo ikihesabu kimyakimya. "Siku sita tu?" Akaurudisha palepale alipoutoa, akaunyoosha hata na kona. Akavuka barabara hadi dukani, akarudi na pakiti mbili za tambi, moja ameishikilia kwa meno wakati anamfunga mtoto mgongoni vizuri.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Alipofika usawa wa meza nikamwita, nikamuuliza kama nyumbani ana mayai.