Rangi za udongo: kumbukumbu ya kikundi chetu cha uchoraji, Katuba

Novemba

Mvua zimeanza, na kikundi chetu kimehamia barazani kwa jirani hapa Katuba, mtaa wa mji wa Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kuwa uwanja tuliokuwa tukiutumia tangu kiangazi umegeuka tope. Tunakutana mchana, mara kadhaa kwa juma, na watoto wanaosoma zamu ya asubuhi. Tangu serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, madarasa yamefurika, na shule nyingi za mjini Lubumbashi hugawa siku vipande viwili. Mtoto anayetoka darasani adhuhuri hubaki mtaani mpaka wazazi warudi jioni kutoka sokoni au kazini. Hao ndio ninaojitolea kukaa nao, na wengi wao ni wa darasa la tatu hadi la sita.

Kilichonishughulisha mwezi huu ni nyumba. Kila nikigawa karatasi na kreyo (penseli) na kumwambia kila mtu achore anachotaka, napokea nyumba ileile: paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili, jua kwenye kona, na njia inayojipinda kuelekea mlangoni. Nyumba ya namna hiyo haipo mtaani kwetu. Hapa bati hulazwa kwa mteremko mmoja na kukandamizwa kwa mawe, na jiko la makala, yaani makaa, huwashwa nje. Si kwamba watoto hawaoni, wamezoeshwa kunakili. Mwalimu mwenye umati wa wanafunzi mbele yake hana njia nyingine ila kuandika ubaoni na kuwataka waandike vilevile, na anayesifiwa ni yule ambaye daftari lake limefanana zaidi na ubao. Kwa hiyo nikishika kreyo hata kwa kuichonga tu, shingo zinarefuka kuona nitachora nini, ili wote wachore hicho. Nimeamua kwamba mbele yao sitachora kitu chochote.

Wazo hilo lina asili yake humu humu mjini. Mwaka 1946, Lubumbashi ilipokuwa bado inaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, akaiongoza mpaka alipofariki mwaka 1954. Aliwapa wanafunzi wake vifaa, akakataa kuwawekea picha za Ulaya wazifuate, akamtaka kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Pilipili Mulongoy akajaza karatasi zake samaki, ndege na nyoka. Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba. Bela Sara akaiweka brashi kando na kupaka rangi kwa ncha za vidole. Yapo ya kumhoji Desfossés, maana alikuwa na mawazo yake kuhusu namna Mwafrika anavyopaswa kuchora, na kumfungia mtu asione ya nje ni njia nyingine ya kumwamulia. Mimi simzuii mtoto kuchora mchezaji wa mpira aliyemwona kwenye televisheni. Ninachokichukua kutoka Le Hangar ni kwamba mkono wa mwalimu ukae mbali na karatasi ya mwanafunzi.

Badala ya kuonyesha, nauliza. Mtoto akisema, "Yaya, nichore nini?" (yaya kwetu ni ndugu mkubwa) namjibu, "Asubuhi ulipita wapi?" Akitaja kisima, namuuliza alikuwa amesimama upande gani, nani alikuwa mbele yake, na kitu gani kilikuwa karibu na macho yake. Njia hii ni ya polepole, na siku za mwanzo ilizaa karatasi tupu nyingi pamoja na manung'uniko. Hata hivyo, juma lililopita binti mmoja wa darasa la tano alinipa picha ya foleni ya maji iliyonifanya nikae chini kuitazama. Alikuwa ameichora kutoka juu, kwa sababu alikuwa amepanda mwembe akisubiri zamu yake. Bidoni, yaani madumu ya maji, zilionekana kama miraba iliyobanana, kila moja na kifuniko chake cha duara, na watu hakuwachora kabisa isipokuwa mikono yao iliyoshika vishikio. Nilimuuliza vichwa viko wapi. Akasema kwamba vichwa havipangi foleni, bidoni ndizo zinazopanga.

Januari

Rangi za dukani zimekwisha, na sikutaka mradi uendelee kutegemea mfuko wangu, kwa hiyo tumeanza kupika zetu. Sehemu hii watoto wameipenda kuliko nilivyotarajia.

Wekundu tunao bure. Pembezoni mwa mji bado vimesimama vichuguu vikubwa, virefu kuliko nyumba, ambavyo mafundi hukata udongo wake kufyatulia matofali, kwa kuwa udongo uliopandishwa na mchwa ni laini na hushikana vizuri. Fundi mmoja alituuliza, "Mwalimu, ndoo moja mtajengea nini?" Alipoambiwa ni ya kuchorea, akatujazia mbili. Udongo huo tunauponda, tunauloweka, tunaukoroga na kuuacha utulie kidogo: mchanga huzama kwanza, nasi tunamimina maji ya tope katika chombo kingine na kuyaacha mpaka kesho yake, ambapo chini hubaki tabaka laini lisilokwaruza kidole. Tabaka hilo ndilo rangi yenyewe.

Weusi ni makala yaliyosagwa na kuchujwa kwa kipande cha kitenge kilichochakaa. Weupe ni pemba, ule udongo ambao wajawazito huununua sokoni kwa kuutafuna. Gundi ni unga wa muhogo: unakorogwa kwanza katika maji baridi ili usifanye madonge, kisha unamiminwa katika maji yanayochemka huku mtu akikoroga bila kupumzika, mpaka uache weupe wake na kuanza kung'aa. Gundi hiyo haidumu. Baada ya siku mbili tatu inachacha, na harufu yake imetufundisha kupika kiasi cha kutosha siku moja.

Kijani kimetushinda. Maji ya sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa hutoa rangi ya kupendeza inayogeuka kahawia mara tu jua linapoipiga kwa siku chache. Vijana wawili walipendekeza tusage mawe ya kijani ya malakaiti, ambayo katika mji wa shaba hayana ugeni, nikakataa papo hapo, kwa sababu vumbi la madini ya shaba si kitu cha kuvutwa na mtoto. Kwa sababu hiyohiyo nachagua mahali pa kuchota udongo. Mitambo ya kuyeyusha shaba ilianza kazi mjini humu mwaka 1911, na watafiti wa chuo kikuu chetu wamepima udongo wa upande wa kaskazini-magharibi wa mitambo hiyo, ambako pepo zilipeleka moshi kwa miongo mingi, wakaukuta na metali za shaba, risasi na kadimiamu. Sisi tunachota kusini, na hata hivyo hakuna anayegusa andazi kabla ya kunawa kwa sabuni.

Brashi pia zilikuwa haba, ndipo nikawasimulia habari za Bela. Simulizi haikuwa imekwisha kabla vidole havijaingia rangini. Mtoto mmoja wa darasa la tatu, ambaye kwa kreyo hakuwa akifika mbali, aligundua kwamba dole gumba likibonyezwa linatoa mwili wa ndege kanga, na ukucha wa kidole kidogo ukikwaruza weupe juu ya weusi kabla haujakauka unatoa madoa yake. Alijaza karatasi nzima kanga, akaomba nyingine.

Machi

Mwezi huu umekuwa wa wazazi zaidi kuliko wa watoto. Wale wa darasa la sita wanakaribia mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na mama mmoja alikuja kuniambia kwa heshima, lakini bila kuzunguka, kwamba mwanawe hataulizwa maswali ya matope. Sikubishana naye, maana wasiwasi wake una msingi. Tumekubaliana kwamba wa darasa la sita watumie nusu ya kwanza ya mchana kwa mazoezi ya hesabu na Kifaransa, wakisimamiwa na kijana wa sekondari aliyejitolea, kisha wajiunge nasi. Baadhi wamerudi, wengine hawajarudi bado.

Aprili

Sasa tunajaribu kazi kubwa. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, alichora mjini humu katika miaka ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazosimulia historia ya nchi, akizieleza mwenyewe kwa Kiswahili moja baada ya nyingine. Nimewaambia watoto wawahoji babu na nyanya zao jinsi familia ilivyofika Lubumbashi, kisha wachore na kusimulia mbele ya wenzao, nami narekodi kwa simu.

Wachoraji wa wakati ule walitumia mifuko ya unga iliyokuwa ya pamba. Ya siku hizi imefumwa kwa plastiki, na rangi yetu inabambuka juu yake kama ganda la yai lililochemshwa. Akina mama wametupa mashuka makuukuu, tukayawamba kwenye fremu za mbao na kuyapaka gundi ya muhogo iliyochanganywa na pemba. Tabaka likiwa zito linapasuka. Likipakwa jembamba mara mbili linashika.

Jambo ambalo halijaamuliwa ni treni. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na karibu kila babu aliyehojiwa anayo treni katika simulizi yake, ama aliipanda mwenyewe ama ilimleta baba yake kufanya kazi ya shaba. Kila mtoto anataka kuichora yeye, shuka refu ni moja tu, na mkutano wa kugawana mabehewa utafanyika Jumatano.