Siku Niliyomkuta Mjusi wa Lindi Mjini Berlin

Mwezi Oktoba mwaka 2018 nilikuwa nimetimiza mwaka mmoja mjini Magdeburg, Ujerumani, nikisomea shahada ya uzamili, na katika mwaka huo wote sikuwa nimefika Berlin, ingawa treni ya mkoa huchukua chini ya saa mbili. Sababu ilikuwa fedha tu. Wenzangu watatu wa bwenini, mmoja kutoka Hanoi, mwingine kutoka Bogotá, na dada mmoja wa Kisumu ambaye ndiye pekee niliyezungumza naye Kiswahili, waligundua kwamba kulikuwa na tiketi ya mwisho wa juma iliyowaruhusu watu hadi watano kusafiri pamoja siku nzima, mradi wasipande treni za mwendo kasi. Tukachanga. Ijumaa usiku dada yule alisukuma chapati nami nikachemsha mayai, kwa kuwa tulikwisha kuonywa kwamba chakula cha stesheni kingeimaliza akiba yetu kabla hatujaona chochote.

Ndani ya treni tulikubaliana kwamba kila mmoja achague kitu kimoja cha kutazama. Dada wa Kisumu alichagua Lango la Brandenburg. Yule wa Bogotá alitaka kuyaona mabaki ya Ukuta wa Berlin, ulioligawa jiji hilo zamani, na yule wa Hanoi, ambaye alipenda wanyama wa kale tangu utotoni, alitaka twende kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili akamwone Tristan, dinosaria wa jamii ya Tyrannosaurus aliyekuwa akioneshwa hapo miaka ile. Mimi nilisema sina chaguo, nitafuata tu.

Jumba hilo liko mtaa wa Invalidenstraße, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu, hivyo tukaanza nalo. Kiingilio cha mwanafunzi kilikuwa euro tano, nami nikakilipa kwa shingo upande. Mara tu tulipoingia katika ukumbi wa kwanza, wenye paa la vioo, tulijikuta chini ya kiunzi cha mifupa ya dinosaria, chenye miguu ya mbele mirefu kama nguzo na shingo iliyopanda hadi ikanilazimu kurudi nyuma hatua kadhaa ili nikione kichwa. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Nilikuwa bado nimetazama juu niliposikia Kiswahili nyuma yangu.

"Kaka, hebu njoo usome hapa. Huyu si wa kwenu?"

Kwenye kibao paliandikwa Tendaguru, Tanzania. Nimezaliwa na kukulia Lindi mjini, na kilima cha Tendaguru kiko kiasi cha kilomita 60 tu kutoka kwetu. Habari za mjusi nilikuwa nazo tangu utotoni, maana hakuna mtoto wa Lindi ambaye hajawasikia wazee wakisema kwamba Wajerumani walimchukua mjusi wetu, na wabunge wa mkoa wetu wamekwisha kuliuliza jambo hilo bungeni zaidi ya mara moja. Ila neno mjusi lilikuwa limenidanganya. Miaka yote hiyo nilikuwa na picha ya kenge mkubwa aliyewekwa ndani ya kabati la kioo, labda mwenye urefu wa mtumbwi, na sikupata kujiuliza kwa nini watu wazima wagombee kenge.

Nilizunguka kiunzi kile mara tatu. Uchimbaji ulifanyika kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyowafuata watu wa kusini, na waliochimba walikuwa mamia ya vibarua Waafrika chini ya wataalamu wachache wa Kijerumani. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, ikabebwa na wapagazi kichwani na mabegani kwa safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Uzito wa shehena yote ulizidi tani 200. Bandari hiyo ndiyo niliyokuwa nikiogelea kando yake nikiwa mtoto, na hakuna aliyepata kuniambia kilichopitishwa pale. (Miaka baadaye nilisoma kwamba msimamizi wa wachimbaji hao aliitwa Boheti bin Amrani, na kwamba mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.)

Wakati huo wenzangu walikuwa wamenigeuza mwenyeji wao. Yule wa Hanoi, aliyemsahau kabisa Tristan wake, aliniuliza jina la Tendaguru linavyotamkwa, akalirudia mpaka akalipata. Kisha akauliza, "Wewe umeshafika?"

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona haya kwamba kijana wa Vietnam alitamani kufika mahali ambapo mimi, kwa miaka 24, sikuwahi kufikiria hata kupanda pikipiki kwenda kupaona. Naye hakuishia hapo: alitaka kujua kama ni mlima au kilima, kama pana miti, na kama mifupa bado huonekana juu ya ardhi. Nikamweleza kwa kirefu kilima kilichokuwa nyuma ya shule yetu ya msingi, pamoja na mikorosho yake. Dada wa Kisumu alinitazama kwa jicho la pembeni, akanyamaza.

Tristan tulimwona pia, mweusi na mwenye meno ya kutisha, lakini kwangu alikuwa mgeni tu aliyetoka Marekani. Mchana tulitembea hadi Bernauer Straße, ambako sehemu ya Ukuta imehifadhiwa, tukala chapati zetu kwenye nyasi. Langoni tulifika jioni, tukapiga picha ambazo ndani yake sote tunaonekana kupigwa na baridi.

Treni ya kurudi ilipokuwa imepita Potsdam, nilimwambia yule wa Hanoi ukweli. Alicheka sana, akataka kujua basi kile kilima cha mikorosho kilikuwa cha wapi.

Jumapili asubuhi nilimpigia simu mjomba wangu, mzee aliyelima korosho maisha yake yote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi haijakuua?"

Nikamweleza kwamba nimemwona mjusi, na kwamba si mjusi bali ni nyumba ya ghorofa. Akaniuliza kama ni kweli watu huenda kumtazama. Nikamjibu kwamba palikuwa na foleni. Akauliza kama wanalipa, nikamtajia euro tano za mwanafunzi, kama shilingi elfu kumi na tatu hivi, na kwamba watu wazima hulipa zaidi.

"Na foleni hiyo ni ya kila siku?"

"Jumatatu wanafunga."

Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa akipiga hesabu. Hakunitajia jibu. Aliniuliza tu kama nimeshakunywa chai.