Nilivyolizwa na rupia ya Mjerumani, na ninavyonunua sasa

Nimekua nikiiona rupia shingoni mwa bibi yangu, mama yake mama. Ilikuwa ya mwaka 1904, imetiwa uzi mweusi kupitia kipete kilicholehemiwa juu ya kichwa cha Kaizari, na kila alipoinama kupepeta mchele ilikuwa ikigonga ungo. Hapa Tanga si kitu cha ajabu. Wanawake wengi wa rika lake walizivaa hivyo, na wengine walizitoboa kabisa. Alipofariki nikapewa mimi ile rupia, na ndiyo iliyoniingiza katika kukusanya sarafu za enzi ya Mjerumani.

Nilianza na za shaba kwa sababu ndizo nilizozimudu. Kuanzia 1904 rupia moja iligawanywa kwa heller mia, na hapo ndipo tulipopata neno hela tunalolitamka kila siku. Hela moja yenye taji nilizinunua kwa wazee wa Pangani na Korogwe, ana kwa ana, nikizigeuzageuza kiganjani huku tukizungumza. Hela tano ya 1908, lile dude zito la shaba, niliipata kwa mama mmoja aliyekuwa akiifunikia kibuyu. Kwa miaka minne sikuwahi kudanganywa, na nadhani ndicho kilichoniponza. Nilidhani nimeshakuwa mjuzi, kumbe mikono ndiyo iliyokuwa ikinilinda muda wote ule.

Niliyoitamani kuliko zote ni rupia mbili. Ni sarafu kubwa ya fedha, upana wake milimita 35, na ilitengenezwa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, kwa jina la ile kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja yuko Kaizari mwenyewe, Wilhelm wa Pili, na helmeti yenye tai juu yake, upande wa pili simba na mtende. Mitaani huku sijawahi kuikuta. Basi siku niliyoiona ikiuzwa mtandaoni, mwaka 1893, unyoya wa tai unahesabika, moyo ulinienda mbio.

Muuzaji alisema yuko mkoa wa mbali, sarafu ni ya marehemu babu yake, na anaiuza kwa sababu ya ada ya mtoto. Alianza na laki sita na nusu, tukashuka hadi laki nne na nusu. Nilimuuliza swali moja tu: "Ni halisi kaka?" Akajibu, "Asilimia mia, kaka yangu, mimi siwezi kula haramu." Nikatuma pesa kwa simu usiku uleule nikihofia atatokea mwingine aniwahi. Nilijua kabisa kwamba Ujerumani sarafu kama ile huuzwa zaidi ya hapo. Badala ya bei hiyo kunitia shaka, ikanitia haraka.

Ilikuja kwa basi siku ya tatu, imezungushiwa karatasi laini na gundi ya kutosha kufungia sanduku. Nilifurahi. Lakini hata katika ile furaha kuna kitu kilinigusa nisikipe nafasi: ilikuwa nyeupe mahali pote sawasawa. Rupia ya bibi, hata akiisugua kwa ndimu na majivu siku ya Idi, ilibaki na weusi katika mikunjo ya sharubu na kwenye kola ya Kaizari. Hii yangu ilikuwa nyeupe hata ndani ya mikunjo. Nilijiambia imetunzwa vizuri.

Wiki iliyofuata nikaipeleka kwa sonara, mzee ambaye familia yetu imekuwa ikimpelekea vidani tangu nikiwa mdogo. Nia yangu ilikuwa kumwonyesha tu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete niione."

Hakuitazama usoni. Aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha polepole huku akiangalia ukingo, kisha akaipima. Gramu 20.84. Akaniuliza inatakiwa kuwa ngapi. Nilikuwa nimesoma, nikamwambia 23.32. Akanyamaza. Akachukua jiwe lake jeusi, akasugua ukingo mara mbili tatu mpaka ukatoka mstari, na mstari wenyewe ulikuwa na umanjano. Akadondosha tindikali. Pakachemka, pakawa kijani.

"Mwanangu, hii wameipaka fedha tu. Ndani ni shaba iliyochanganywa. Na tena haikugongwa kwa mhuri, imesubiwa kwenye kalibu, yaani imeyeyushwa ikamiminwa. Pitisha ukucha hapa." Nikapitisha ukingoni. Palikuwa na mshono mwembamba kama wa ndoo ya plastiki, umepigwa tupa lakini ukucha unaukamata.

Muuzaji aliposoma ujumbe wangu aliniambia nimeibadilisha mimi. Baadaye simu yake haikupatikana tena. Nilitoa taarifa polisi nikiwa na risiti ya muamala, ila hadi leo sijarudishiwa kitu. Laki nne na nusu ilikuwa akiba ya miezi mitano, na mke wangu ndiye aliyenisaidia kuiweka. Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko kuipoteza.

Jambo lililonifumbua macho zaidi lilikuja miezi miwili baadaye. Niliona rupia mbili nyingine inauzwa, muuzaji mwingine, mji mwingine. Nikaikuza picha. Kwenye helmeti, chini kidogo ya bawa la tai, palikuwa na kovu dogo la kupinda kama mkasi wa kucha. Nikaenda kuitoa yangu kabatini. Kovu lilelile, mahali palepale, lina pinda lilelile. Sarafu mbili za kweli haziwezi kuanguka na kuumia sawasawa kiasi hicho. Kovu lilikuwa la sarafu mama, ile ya kweli iliyotolewa kalibu, na watoto wake wote wamelirithi. Nilimwandikia muuzaji yule kumweleza. Hakujibu, na tangazo likaondolewa.

Tangu hapo nimenunua sarafu kumi na moja kwa mbali na sijalizwa tena, na naeleza hapa ninavyofanya kwa sababu nafahamu vijana wanaoanza sasa na wanapitia njia ileile niliyopita.

Kwanza naomba picha ya ukingo. Kila mtu hupiga picha uso na mgongo, lakini mshono wa kalibu, alama ya kulehemu na meno yaliyochongwa kwa mkono vyote viko ukingoni. Pili naomba sarafu ipigwe picha juu ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu jina langu na tarehe ya siku hiyo. Hii inaondoa wale wanaochukua picha kwenye minada ya Ulaya wakauza kitu wasichonacho. Tatu naomba video fupi ya sarafu ikiwekwa mzanini, mzani ukianzia sifuri. Mizani midogo ya kusoma sehemu ya mia ya gramu siku hizi si ghali, na asiye nayo anaweza kwenda kwa sonara yeyote. Rupia moja ni gramu 11.66, mbili ni 23.32. Iliyochakaa hupungua kidogo, lakini kupungua gramu mbili na nusu huku nyoya za tai zikionekana zote, hapo hakuna maelezo.

Ikishafika naipima kwa maji, na kipimo hiki nakiamini kuliko sumaku, maana sumaku inakamata chuma tu. Weka glasi ya maji juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uining'inize izame bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Wajerumani walitengeneza rupia yao kwa kuifuata ya India ambayo pwani ilikwishaizoea, sehemu 917 za fedha katika 1,000, na fedha ya namna hiyo hutoa jibu la karibu 10.3. Ile yangu ilisukuma gramu 2.40. Ukigawanya unapata 8.7, ambayo ni tabia ya shaba na jamaa zake.

Kuhusu malipo, silipi kabla. Wauzaji wengi hukataa na naelewa, nao wameshalizwa na wanunuzi. Kwa hiyo natumia watu. Dar es Salaam nina shemeji, Moshi nina mtoto wa mama mdogo, Unguja nina rafiki niliyesoma naye. Namwomba muuzaji wakutane dukani kwa sonara, sarafu ipimwe mbele yao wote, ndipo nitume pesa. Mwenye kitu cha kweli hukubali, wakati mwingine kwa kunung'unika. Wale wenye ada ya mtoto inayotakiwa leo kabla ya saa kumi jioni hupotea.

Hata hivyo kuna kasoro ambayo mzani hauioni. Nilinunua rupia ya 1890 kwa mama mmoja wa Unguja, uzito sawa, maji sawa, ukingo sawa. Ilipofika nikaipulizia pumzi nikiwa dirishani, na ule ukungu ulipokuwa ukiondoka niliona duara dogo kama punje ya mtama nyuma ya kichwa cha Kaizari likichelewa kukauka. Ilikuwa imetobolewa zamani kwa ajili ya mkufu, kisha fundi hodari akaziba tundu kwa fedha na kuchonga upya. Ni fedha kweli na ni rupia kweli, ila thamani yake kwa mkusanyaji ni sehemu ndogo tu ya ile nzima. Nilimpigia. Alisikitika kwa dhati, akasema, "Mwanangu, mimi niliikuta hivyo kwenye kisanduku cha mamangu, sikujua ina kiraka." Alinirudishia nusu bila mabishano. Kwa pwani yetu, ambako rupia ziliishi shingoni kuliko mfukoni, tundu lililozibwa ni jambo la kuuliza kila mara, tena kwa maneno hayohayo: imewahi kutobolewa? Imewahi kutiwa kipete?

Sarafu moja sitainunua kwa picha kamwe, hata kama shemeji yupo. Ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati Waingereza wamefunga bahari na koloni halipati pesa kutoka Ujerumani. Bandia zake zimezagaa, nyingine zimetengenezwa kwa dhahabu halisi, na hapo mimi na sonara wangu tunafika mwisho wa uwezo wetu.

Rupia mbili niliipata hatimaye mwaka jana, Dar es Salaam, kwa familia iliyokuwa ikigawana mirathi. Shemeji alikaa dukani saa nzima akinisomea namba kwenye simu: gramu 23.18, ndani ya maji 2.24. Uso wake umechakaa, tai hana tena nyoya za kuhesabu, na weusi umejaa kwenye manyoya ya shingo ya simba. Naiweka kisanduku kimoja na rupia ya bibi. Ile bandia iko kwenye droo ya meza, sijaitupa. Vijana wakija kuniuliza, nawaambia wafumbe macho, nawawekea moja kila kiganja, nasubiri waniambie ipi ni ipi kabla hawajaziona.