Siku yangu na nyongo ya ng'ombe

Saa 11 alfajiri nilikuwa machinjioni na ndoo ya barafu. Vifuko vya nyongo hutoka vikiwa na joto bado. Nakata shingo ya kimoja kimoja, maji ya kijani yanashuka ndooni. Harufu yake haitoki kwa sabuni. Watu wakisikia nafanya kazi maabara huwaza koti jeupe na darubini. Yangu, ya kutoa asidi koliki safi kwenye nyongo, huanzia hapa, kwenye damu na maji.

Saa 2 nilishachuja, nikatia kostiki soda na kuinjika. Itachemka hadi usiku, maana asidi za nyongo, koliki ikiwamo, zimeshikana na molekuli ndogo ziitwazo taurini na glisini, na kifungo hicho hakikatiki upesi.

Saa 4 nikageukia chungu cha jana, na hapo siku ikakwama. Hutiwa asidi hidrokloriki ili asidi za nyongo zijitenge na maji na kushuka kama unga. Mchanganyiko ulikuwa haujapoa vizuri, nami nikamimina haraka. Ukaja ute wa kijani, mzito kama ulimbo, ukang'ang'ania fimbo na kuta za bika, chombo cha kuchanganyia. Ute huo hufungia ndani mafuta na rangi, na hauchujiki. Nikauyeyusha upya kwa soda nyepesi, nikaosha mafuta, nikaweka bika kwenye barafu, nikaanza tena: tone, koroga, tone, koroga. Mkono ukafa ganzi. Chakula cha mchana sikukiona. Unga ulipoanza kushuka, mweupe wenye ukijani kidogo, saa nilikuwa nimeshaacha kuiangalia.

Jioni akaja kijana wa upande wa kinga ya mwili.

"Dada, si inatosha hiyo? Seli zangu zinasubiri."

Nikamwonyesha bamba la kromatografia, linalotenganisha kemikali zilizochanganyika kuwa madoa, nililolipulizia dawa na kulipasha moto. Doa kubwa la buluu ni asidi koliki. Juu yake palikuwa na doa dogo, la deoksikoliki, asidi nyingine ya nyongo. Koliki ina vikundi 3 vya haidroksili (oksijeni na hidrojeni), mwenzake ana 2. Tofauti yao ni hiyo tu. Lakini makrofeji, seli za kinga, zina kipokezi kiitwacho TGR5, na deoksikoliki hukiamsha kwa nguvu zaidi. Kikiamka, seli hupunguza kutoa TNF, protini inayochochea uvimbe. Angeichukua sampuli ile, angeandika kwamba koliki imetuliza kinga, kumbe aliyetuliza ni yule aliyejificha ndani yake. Na akizidisha dozi, asidi hizi hufanya kazi kama sabuni: hupasua utando wa seli. Seli iliyokufa nayo haitoi TNF, naye angedhani imetulia.

"Mdogo wangu, njoo kesho."

Hakufurahi. Mimi nilikuwa na miguu iliyovimba, ila sampuli yenye doa la pili haitoki mezani kwangu.

Nikayeyusha unga kwenye ethanoli ya moto, nikauacha upoe polepole, nikachuja fuwele, nikarudia. Usiku nikapasha bamba la mwisho. Doa moja. Nikazima moto wa chungu cha leo, nikanawa tena mikono, nikaandika tarehe kwenye kichupa.