Nilivyojifunza Mpira wa Kikapu Lamu kwa Kufuata Nyayo za Olajuwon

Niligusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 18, baada ya miaka mingi ya kuwa kipa wa timu ya mtaa wetu wa Langoni. Wenzangu waliniambia kwamba nimechelewa, na huenda ningewaamini kama nisingekuwa nimesoma maisha ya Hakeem Olajuwon, nyota wa mpira wa kikapu katika ligi ya NBA ya Marekani. Alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1963, kwa wazazi waliokuwa wakifanya biashara ya saruji, naye utotoni alikuwa kipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono. Mpira wa kikapu hakuuanza mpaka alipokuwa shule ya sekondari. Hata hivyo mwaka 1984 timu ya Houston Rockets ilimchagua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi hiyo, huku Michael Jordan akichaguliwa wa tatu.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa mahali pa kuchezea, kwa kuwa mchangani mpira haudundi. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na sakafu ya saruji iliyokuwa ikianikiwa samaki, na mama alinikubalia niitumie jioni kwa sharti la kuifagia kabla na baada ya mazoezi. Ringi nilichomelewa na fundi wa vyuma. Ugumu ulikuwa kwenye nguzo. Ringi hutakiwa iwe mita 3.05 kutoka chini, na boriti za mkoko tulizokuwa nazo, za kadiri ile ile iliyoamua upana wa vyumba vya nyumba zetu za kale za mawe, hazikufika mita tatu. Ami yangu, ambaye ni fundi wa majahazi, alizitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Mwanangu, hizi tutaziunga." Alizichonga ncha mshazari, akazilaza pamoja, akazikaza kwa misumari na kamba ya nazi kama anavyounga foromali, mti unaobeba tanga, iliyovunjika, na mpaka leo kiungo kile hakijalegea.

Mchezo wenyewe nilijifunza kwa miguu kabla ya mikono. Silaha iliyompa Olajuwon sifa, ile inayoitwa Dream Shake, ilitokana na wepesi wa miguu alioupata katika kandanda na mpira wa mikono: anampa mpinzani mgongo, anainamisha bega upande mmoja kana kwamba anapita huko, kisha anageukia upande wa pili na kurusha mpira. Kipa anaufahamu udanganyifu huo kutoka upande wa pili, kwani kila mpiga penalti hujaribu kumfanyia. Nilichora alama za nyayo sakafuni kwa mkaa, nikawa nazikanyaga moja baada ya nyingine bila mpira kwa majuma kadhaa, hadi majirani wakadhani najifunza ngoma. Nilijipa subira nikikumbuka kwamba yeye naye, alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, hakuruhusiwa kucheza mechi msimu wa kwanza, na kwamba wakati wa likizo alifanya mazoezi dhidi ya Moses Malone, nyota wa Rockets wa wakati huo, ambaye alimsukuma bila huruma.

Ramadhani ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Nilipojua kwamba Olajuwon alifunga Ramadhani ya mwaka 1995 huku akicheza, na bado akatangazwa mchezaji bora wa mwezi wa Februari katika ligi ya NBA, sikuona tena sababu ya kuacha. Nilihamishia mazoezi ya nguvu baada ya tarawehe, na saa moja kabla ya futari nikawa narusha mipira tu, polepole, pasipo kukimbia.

Mwaka uliofuata tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi kwenda Malindi kucheza mechi yetu ya kwanza ya ugenini. Tulifungwa. Lakini katika robo ya tatu nilipokea mpira nikiwa nimempa mgongo mlinzi mrefu kunizidi, nikainamisha bega la kushoto, naye akaruka. Nilipogeukia kulia hapakuwa na mtu mbele yangu, na mpira uliingia bila kugusa ringi. Usiku ule nilimpigia simu ami. Aliniuliza jambo moja tu: kama nguzo za Malindi zimeungwa.